Meza Kizimbani

Nilipolinunua kanisa la Hebron ili niligeuze nyumba, kijiji kizima kilinisema, na wengi wa wasemaji hawakuwa wamelikanyaga tangu wabatizwe. Sikuwajali. Niliyemjali ni mama yangu, Gwenllian, mwenye miaka themanini na ushee, ambaye hakuwahi kuvuka mlango ule hata mara moja.

Sababu aliijua kila mtu. Bibi yangu alipopata mimba bila mume, wazee wa kanisa walimsimamisha mbele ya kizimba chao chini ya mimbari, jukwaa lililozungushiwa mbao walimoketi wao, wakamtenga hadharani. Mimba yenyewe ndiyo Mama. Mwanamume aliyehusika aliendelea kuimba besi kwenye kwaya kama kawaida.

Nilijichubua mikono humo miaka miwili. Roshani ikawa vyumba vya kulala, paa likaacha kuvuja. Kikabaki kile kizimba, nami nilikuwa nimeshika shoka Mama alipopiga simu.

"Usikiguse," akasema. "Weka meza ya chakula humohumo."

"Kwa hiyo utakuja?"

"We weka meza. Maswali baadaye."

Alikuja Jumapili ya Matawi, siku tunayoosha makaburi na kuyapamba kwa maua. Kizingitini alinishika mkono mpaka ukaniuma. Niliogopa asije akageuka. Hakugeuka. Alivuka, akaenda moja kwa moja hadi kizimbani, akaketi penye kiti cha mzee mkuu na kuomba viazi.

Hatujamaliza nyama, mlango ukagongwa. Alikuwa Emrys, mtoto wa huyo mzee mkuu, naye sasa mzee kwa umri, kumpita hata Mama, ana ndoo na maua ya njano. Makaburi yako nyuma ya nyumba, na bomba la maji liko jikoni kwangu. Aliingia, akamwona Mama, akasimama palepale mbele ya kizimba.

"Samahani, sikujua mna mgeni."

"Mgeni ni wewe, Emrys," Mama akasema. "Unajua umesimama wapi?"

Uso ulimwiva. "Najua, Gwen. Nilikuwa mdogo, lakini niliona. Mama yako hakulia."

Mama hakuwahi kuambiwa hilo na mtu yeyote. Aliweka uma chini. Kisha akavuta kiti kilichokuwa kando yake.

"Basi usisimame hapo. Panda huku ukae, ule. Na unihadithie yote uliyoyaona."

Akapanda. Nililia waziwazi kwa furaha huku nikimpakulia nyama ya kondoo.