Aliyekunywa Maji Mchana wa Ramadhani

Sufuria la pili lilikuwa linaanza kutokota pale Siti Ngwali alipohisi joto likimpanda tena kifuani, shingoni, mpaka masikioni. Halikuwa joto la kuni. La kuni alilizoea, maana alikuwa mchemsha dagaa katika diko hili la wavuvi, kaskazini mwa Pemba, tangu ujana wake. Hili lilitoka ndani, lilikuja lilipotaka, na likiondoka lilimwacha kaloa jasho na moyo unamdunda. Tangu juzi damu nazo zilikuwa zikimtoka kwa mabonge. Akashika nguzo, akaona macho yanaingia giza. Akajikokota mpaka nyuma ya ghala la chumvi, akachota maji kwa kata, akanywa.

"Kobe!"

Mmanga, msimamizi wa majiko, alikuwa kasimama kwenye kona ya ghala, uso umemng'aa kwa furaha ya kumfumania mla mchana.

"Kobe ntu nzima! Njooni mumwone Bi Siti!"

"Mie sifungi leo, Mmanga," Siti akasema kwa sauti ya chini. "Nimo siku zangu."

"Siku zako? Weye? Kwani nani hapa hajui kama umeshakoma?"

Na kweli walijua, au walidhani wanajua. Wanawake wa diko walisali adhuhuri kwenye jamvi moja, na aliyekuwa hana sala kwa kuwa yumo siku zake alibaki kuchochea moto, hakuulizwa. Rajab nzima na Shaaban nzima Siti hakubaki motoni hata mara moja. Wenzake wakamtania kwamba kapumzika. Hakubisha, kwani mwenyewe alidhani zimekwisha.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyemwambia jana kwamba sivyo. "Bi Siti, hedhi haikatiki siku moja kama uzi. Inapotea miezi, inarudi, mara kidogo, mara nyingi kupita kiasi. Hayo majoto, kukosa usingizi, hasira za ghafla, yote yamo humo, na huweza kuchukua miaka. Lakini damu nyingi namna hii si ya kunyamaziwa. Inafaa upimwe kiwango cha damu, na kizazi kiangaliwe." Inafaa, lakini mashine mbovu. Vidonge vya kuongeza damu vimebaki vya waja wazito tu. Akaambiwa ale maini, kana kwamba maini yanaokotwa ufukweni.

Mmanga alimwita Hamdan, katibu wa kamati ya diko, aliyekuwa kajinyoosha kivulini. Kanuni ya kamati ilikuwa moja: anayekula mchana wa Ramadhani ananyang'anywa jiko. Jiko hilo ndilo lililomlisha Siti na mama yake kipofu, na hakuwa na kazi nyingine.

"Bi Siti, mimi sikuhukumu," Hamdan akasema kwa Kiswahili cha mkutanoni. "Una ushahidi wa hayo unayoyasema?"

"Ushahidi uko mwilini mwangu, Bwana Hamdan."

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakaacha kazi, wakasogea. Hawakuwa na haya hata chembe.

"Basi Bi Rahila aingie nawe ghalani, akuangalie."

Rahila alikuwa jirani yake wa jiko. Waliingia wote wawili, mlango wa bati ukarudishwa, na Siti akafungua kanga zake kati ya magunia ya chumvi. Hakuwa amewahi kudhalilika namna ile. Rahila alitazama mara moja tu, akaziba mdomo.

"Nisamehe, mwenzangu. Yote haya? Na masufuria unayanyanyua?"

Akatoka mbele, akawaambia bila kumtazama yeyote: "Anasema kweli. Tena zinamtoka vibaya. Apelekwe hospitali."

Siti akangoja aombwe radhi. Hamdan alizichezea ndevu zake.

"Alhamdulillahi, shaka imeondoka. Lakini sasa, Bi Siti, mtu wa hali hiyo hafai kazi ya moto. Ukiangukia kwenye sufuria, lawama ya nani? Pumzika. Jiko tutampa Yumna."

Yumna, mpwa wa Mmanga, msichana asiyejua hata kuosha dagaa, alikuwa ameshajifunga kibwebwe.

"Kwa hiyo nikiongopa mwanitoa," Siti akasema. "Nikisema kweli, mwanitoa."

"Usilichukulie hivyo. Ni kwa ajili ya afya yako."

Afya yake! Miaka mingapi wanawake wameomba choo kijengwe pale dikoni, na kamati ikajifanya kiziwi? Leo ndiyo wamekumbuka kwamba ana afya. Hasira ilimjaa, na safari hii hakuishusha sauti.

"Hamdan! Nkeo Mwanawema tumeingia chuo cha Kurani pamoja, tumevunja ungo mwaka mmoja. Ukirudi jioni mwulize na yeye zinamtoka vipi. Kisha mwambie apumzike, futari akupikie Yumna."

Mwanamke mmoja kwenye majiko alicheka, akakatisha. Wanaume wakarudi kuzitazama nyavu zao.

Alipoondoka, Siti hakupita njia ya nyuma ya ghala. Alipita katikati yao, polepole, kwa sababu hakuwa na nguvu za kwenda haraka.