Shahidi Aliyesubiriwa

Jeanne na Ifrah walikuwa wakihudumia wazee majumbani, asubuhi Selly Oak, mchana Edgbaston, mitaa ya Birmingham. Kampuni iliwalipa muda waliokuwa ndani ya nyumba za wazee tu. Kukimbilia basi kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine hakukuhesabiwa, ingawa kulikula sehemu kubwa ya siku.

Ifrah, Msomali aliyekulia Garissa, ndiye aliyekwenda kuulizia kwenye ofisi ya ushauri. Akaambiwa sheria inauhesabu muda ule kuwa kazi, ila asikawie, kwa kuwa mahakama ya kazi haipokei madai yaliyolala. Akaanza na usuluhishi, kampuni ikakataa. Ndipo akafungua kesi, akamwomba Jeanne awe shahidi wake, na Jeanne akakubali papo hapo.

Lakini msimamizi wao, Gisèle, alikuwa Mkongo mwenzake Jeanne. Waliimba kwaya moja, na ni yeye aliyemtafutia kazi alipofika Birmingham hana mtu. Jumapili moja baada ya ibada Gisèle alimshika mkono. Hakumtisha, alimuuliza tu kama ni kweli atasimama upande ule. Jeanne alirudi nyumbani amenywea.

Asubuhi ya kesi alivaa vizuri, akachukua mkoba, akafika mlangoni. Kisha akarudi, akaketi kitandani na viatu miguuni, simu ikiita mpaka ikanyamaza.

Ifrah alishinda nusu. Miezi ambayo hakuwa na uthibitisho mwingine ila neno la Jeanne, jaji aliiacha. Ifrah akahama kampuni.

Jeanne naye aliacha kazi baadaye, akakaa karibu mwaka mzima bila kudai malipo yake. Alipojikokota hadi ofisi ile ya ushauri, aliambiwa muda wa mahakama umempita. Alichobakiwa nacho ni kulalamika kwa mamlaka ya kodi, ambayo hufuatilia kima cha chini cha mshahara. Alilalamika. Bado anangoja jibu.

Ifrah alikutana naye siku moja dukani Balsall Heath, wakiwa kwenye foleni ya nyama. Jeanne akaomba radhi.

“Mama Junior,” Ifrah akasema taratibu, “ungeniambia unaogopa, nisingekulaumu. Lakini nilikuwa nimekaa pale mahakamani, nawaambia wasubiri kidogo, unakuja.”

Ifrah akamuulizia watoto, akamwambia awasalimie, akapokea nyama yake na kutoka.