Pua za Mitumbwi

Toyba alikuwa amekaa mlangoni akimalizia mtumbwi mdogo wa mafunjo, wa kuuzia watalii, wakati mitumbwi mingine kwenye rafu ilipogeuka. Haikugeuka kwa kishindo. Iligeuka taratibu, kama ng'ombe waliosikia majani yanaletwa, na ilipotulia pua zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja. Toyba aliitazama, akakata kamba kwa meno, akauweka ule aliomaliza pamoja na wenzake. Nao ukageuka.

Upande huo ndiko Gashaw alikokuwa akijenga nyumba ya wageni, ukingoni kabisa mwa Ziwa Tana, palepale mafunjo ya Yimer, mume wa Toyba, yalipokuwa yakiota. Yimer alikuwa amemwambia Gashaw uso kwa uso kwamba hang'oki pale maadamu mafunjo yanaota. Kisha asubuhi moja akaenda kukata, asirudi. Aliyeleta habari ni Gashaw mwenyewe: alimwona akipanda lori la kwenda Sudani. Basi mtaa ukapata la kusema. Yimer kafuata mwanamke muuza chai huko, Yimer kamchoka mkewe, na yule mke naye jamani, uso kila siku umemkunjamana, nani angekaa?

Toyba aliyasikia yote, na yalimuuma. Lakini alitaka kujua jambo moja tu, kama yeye ni mjane au ni mwanamke aliyetelekezwa. Angekuwa mjane angekaa eda, majirani wangekuja kumpa pole, na Yimer angesaliwa kama binadamu. Alikwenda kwa shehe. Shehe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema hakuna maiti wala shahidi, kwa hiyo asubiri. Akarudi nyumbani, akaendelea kusuka.

Shangazi yake Yimer, bibi Ansha, alipokuja kuomba chumvi aliiona mitumbwi. Akaushika mmoja, akaugeuzia mlangoni, ukarudi. Akaugeuza tena, ukarudi tena.

"Mafunjo ya wapi haya?"

"Ya kando ya uzio wa Gashaw," Toyba alisema. "Yaliyobaki."

Ansha aliurudisha ule mtumbwi rafuni. "Basi tusimsumbue Yimer," akasema. "Mwache aangalie anakotaka."

Toyba alibeba mmoja mpaka kituo cha polisi. Askari aliuweka mezani, ukageuka, pua ikagonga kikombe chake cha chai. Alikisogeza kikombe. Akasema anaona, hakatai, ila mtumbwi hauwezi kuandika maelezo, na mtu aliyekwenda Sudani ni mtu mzima na miguu yake. Kisha akauliza kama anaweza kubaki nao, maana binti yake anapenda vitu kama hivyo. Toyba akamwachia.

Habari zilimfikia Gashaw siku hiyohiyo, kwani jioni alibisha hodi. Hapo ndipo Toyba aliposhtuka, maana Gashaw hakuwahi kubisha hodi kwao. Watu wa mjini hawali wala hawanywi mikononi mwa wasuka mafunjo. Babu zao walikula kiboko, ndivyo wasemavyo, na unajisi wa kiboko eti haufutiki mpaka leo. Miaka yote aliyonunua vikapu kwa Yimer, Gashaw alisimama nje ya ua na kuviangalia kwa mbali, hata jua likawa kali namna gani, hata maji akapewa bure. Leo aliingia. Akavuta kigoda karibu na jiko, akakaa, mtu mzito yule na koti lake la suti.

Toyba alikuwa akichemsha kahawa. Alimchungulia kwa pembe ya jicho.

"Nimiminie na mimi, dada yangu," Gashaw alisema.

Dada yangu! Toyba alimimina. Gashaw akanywa kahawa ya kwanza, akanywa ya pili, akasubiri na ya tatu, ile nyepesi ya baraka ambayo hata ndugu wengine hawaingoji. Koo lake lilipanda na kushuka. Toyba alilitazama koo hilo akaacha kutafuta shahidi; mtu huyu alikuwa na hofu. Kwenye rafu mitumbwi haikumjali mgeni hata kidogo. Iliendelea kuelekeza pua kule ziwani.

"Yimer yuko wapi?" Toyba aliuliza.

"Si Sudani, dada? Nilikwambia." Alikuwa akiongea na kikombe. "Nitaichukua mitumbwi yako yote. Na utakayosuka, usimuuzie mwingine."

Akaichukua yote kweli.

Nyumba ya wageni ilipofunguliwa, Toyba alipeleka mzigo uliofuata. Mitumbwi ya kwanza ilikuwa imepangwa sebuleni, lakini haikukaa. Sasa ilikuwa kwenye baraza ya saruji inayotazama maji, imesimama pua chini, yote mahali pamoja, ikichuruzika maji ya ziwa ambalo haijawahi kuligusa. Wageni waliipiga picha. Gashaw aliwaeleza kwamba hivyo ndivyo wenyeji wanavyoanika mitumbwi yao. Mwongo mkubwa, mtumbwi huanikwa pua juu ili maji yatokee nyuma, lakini wageni walitikisa vichwa kukubali kwa furaha.

Toyba aliambiwa asubiri nyuma, penye majalala. Mtumishi alimletea kahawa kwenye kopo la nyanya. Alipomaliza, mtumishi alilishika kopo kwa vidole viwili akalitupa. Gashaw alikuwa ameshaacha kuogopa.

Toyba hakuondoka kwa njia ya nyuma. Alipita barazani, mbele ya wageni, akachuchumaa, akautua mtumbwi mmoja aliokuwa ameubakiza. Mtumbwi ulisota kwenye saruji mpaka kwa wenzake, ukainuka, ukasimama pua chini.

"Asalaam alaikum, Yimer," alisema. "Mimi hapa. Kumbe hukwenda mbali."

Alilia kidogo, akajifunika shela mpaka kwenye nyusi. Alipoinuka, Gashaw alimwita kutoka kwenye kiti chake akataka kujua mzigo mwingine utakuwa tayari lini.

"Mtume mtu aufuate," Toyba alisema. "Mimi sitoki. Nakaa eda."

Gashaw akasema sawa, atatuma mtu. Hakuuliza nani amekufa.