Kabati la Mwalimu Msuguano

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Msuguano kwa sababu somo hilo la fizikia alilifundisha kwa kusukuma meza darasani mpaka jasho limtoke. Alipostaafu, jina likamfuata hadi nyumbani.

Alipopasuliwa goti, mwanawe aliyekuwa fundi redio na mke wa mwanawe huyo waliamua kumhamishia chumba kilicho karibu na bafu. Kitanda kilikwenda bila shida. Kabati likagoma. Mzee alikaa kitini, mkongojo mkononi, akiwaongoza.

"Kuanza ndiko kugumu, wanangu. Likishaondoka, mtalisukuma kwa nguvu kidogo."

"Mbona haliondoki, Baba?" mwanawe aliuliza akihema.

"Litaondokaje? Wewe unasukuma huku, mwenzio anasukuma kule. Nguvu zenu zinafutana!"

Wakahamia upande mmoja. Wakaweka na blanketi kuukuu chini ya miguu ya kabati. Wapi!

Mkwe akajifuta uso. "Baba, uzito ukipungua, si na msuguano unapungua?"

Mwalimu akainamisha macho. "Unapungua."

"Basi tulifungue, tutoe vitu."

Ndani mlikuwa na nguo za marehemu mkewe, na tangu azikwe hakuna aliyeugusa ule mlango. Mwana akamkonyeza mkewe aache, lakini yeye akapiga magoti kando ya kiti.

"Nitazitoa mwenyewe, moja moja, nikupe mkononi. Hakuna itakayotupwa."

Mzee akachomoa ufunguo mfukoni mwa shati.

Gauni la kwanza lilikuwa la maua ya njano. Akalinusa, akacheka peke yake. "Hili alilishona mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Akaniambia ndiyo mitindo ya siku hizi. Nami nikaamini!"

Wote wakaangua kicheko. Kila gauni likaja na kisa chake, machozi na vicheko vikipishana, mpaka nguo zikamfika kidevuni.

Kabati tupu walilisukuma mara moja tu, likateleza nusura limgonge mwana.

"Lishikeni!" Mwalimu alifoka kwa furaha. "Hilo halisimami bila kusimamishwa!"

Walipofika chumba kipya, mkwe alianza kuzirudisha nguo. Mzee akamzuia.

"Chagua unazozipenda, mama. Nyingine wape shemeji zangu, dada za marehemu. Nami niachieni mahali pa kutundika mashati."

Kisha akaomba chai, na kabla haijachemka alikuwa anakoroma.