Mgahawa wa Mwantumu Unashuka

Kila siku baada ya sala ya alasiri Mwantumu alifagia ngazi za mgahawa wake, akianzia juu barabarani na kushuka mpaka mlangoni. Siku alipoufungua mgahawa huo hapakuwa na ngazi hata moja. Mteja alitoka barabarani, akainama kidogo kukwepa bati, akakaa. Sasa bati lilikuwa usawa wa visigino vya wapita njia, na kuku wa jirani walilala juu yake kwa sababu lilipata joto la mkaa.

Mgahawa ulikuwa unashuka. Haukuanguka wala haukuinamia upande. Ulishuka wima, polepole, na kahawa haikumwagika vikombeni. Senta nzima, kijiji kile cha wachimbaji kando ya barabara, ilijua sababu: chini kulichimbwa. Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, magari yalitoka Nyamwaga yamejaa watu wenye sururu, na kila mwenye duara, kama walivyoyaita mashimo yao, alitoboa njia zake chini ya nyumba za wenzake bila kupiga hodi. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona mgahawa ukishuka. Walichonung'unikia ni ngazi, maana mtu aliyeshinda anaponda mawe hapendi tena kukunja magoti.

"Dada, ungeweka hata kamba ya kushikilia," alisema Ghati, mama wa Kikurya aliyeponda mawe ng'ambo ya barabara na kushuka kila jioni kwa kikombe chake.

"Nitaweka," alisema Mwantumu, na kesho yake akaweka.

Mwantumu alikuwa mtu wa migahawa. Wenzake wakihamia mji mpya huuliza soko liko wapi. Yeye aliuliza kahawa inauzwa wapi. Tanga alikozaliwa, kijiwe alichokipenda kilikuwa cha mjomba wake pale Ngamiani, ambapo kahawa ilitwangwa mbele ya wateja ili kila mtu asikie kwamba si ya jana. Wanawake hawakukaa kwenye benchi lile. Yeye aliinywa kahawa yake dirishani, amesimama, na ni kwenye dirisha hilo alipomwona fundi seremala mmoja, Hamim, akinywa kikombe cha tatu asichokuwa na hamu nacho. Walipooana wakahamia Bukoba. Huko alikipenda kibanda cha mama mmoja karibu na stendi aliyefunga buni za kutafuna kwenye majani makavu ya migomba na kumpa kila mteja kabla hajauliza anataka nini. Musoma walikaa miaka miwili, na kahawa ya Musoma hakuipenda, lakini alipenda upepo uliopita kibarazani.

Alipofungua wa kwake hapa senta alichukua kutoka kila mji. Alitwanga mbele ya wateja, kinu katikati ya miguu, mapigo mawili mazito na moja jepesi, kama alivyofundishwa na mjomba. Aliwapa buni za kutafuna kwanza. Upepo wa Musoma hakuweza kuupata. Na kwenye benchi lake wanawake walikaa, wakipenda wakapanua na miguu.

Benchi lilichongwa na Hamim. Lilikuwa na mguu mmoja mfupi, naye aliahidi kuutengeneza akirudi. Alikuwa amepata kazi kwa mzee Mseti, tajiri mwenye duara kubwa kuliko yote pale, kazi ya kukaza magogo yanayoshikilia ukuta wa shimo usiporomoke. Kwenye mdomo wa duara la Mseti ilining'inia ringi ya gurudumu la lori, iliyotumika kama kengele. Sheria ilikuwa moja: aliye chini hapandi mpaka Mseti mwenyewe agonge ringi. Anayepanda kabla ya hapo ni mwizi wa mawe, hapati mgao na jina lake linatangazwa sokoni. Wezi walikuwepo, ndiyo, na sheria hiyo ilisaidia.

Siku ile, Hamim na wenzake wakiwa chini, Mseti alikuwa amekaa mdomoni mwa duara zilipoletwa habari kwamba ng'ombe wa mahari ya binti yake wamefika nyumbani. Mtu hawezi kuachia ndugu wapokee ng'ombe wake peke yao, watamchagulia waliokonda. Akaondoka. Ringi hakuigonga. Mvua ikanyesha jioni, mdomo wa duara ukaporomoka, na aliporudi asubuhi akakuta udongo umejaa mpaka juu, umetulia.

Mseti akasema watu wake walipanda wote kabla ya mvua wakaelekea Geita, kwani vijana wa dhahabu hawana kituo. Evance, mtendaji wa kijiji aliyeletwa kutoka Moshi, akalichukua neno hilo akaondoka nalo. Watu wote wa senta walijua kwamba jioni ile ringi haikulia. Sauti yake ndiyo iliyowaambia muda wa kuweka ugali jikoni, na siku hiyo wote walichelewa kula. Lakini kila nyumba ilikuwa na kijana kwenye duara jingine la Mseti, kwa hiyo hakuna aliyezungumzia ugali.

Mwantumu alikwenda Tarime kumwuliza sheikh. Sheikh alimwambia hawezi kukaa eda ya mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa, na akamwombea subira. Dada yake Yasmini, aliyeuza khanga Mugumu, alituma salamu kwamba chumba kipo, aje. Mwantumu hakwenda. Alikuwa anamtaka mume wake. Hakutaka jambo jingine lolote, na hakuona sababu ya kulificha.

Ndipo mgahawa ulipoanza kushuka, na yeye akaanza kuchonga ngazi kwenye udongo.

Jioni moja, magharibi ikiingia, ukuta wa nyuma ulipasuka nafasi ya mlango. Hamim akatoka na wenzake, wamepakwa vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Waliwasalimu waliokuwepo, wakakung'uta suruali nje ya mkeka, wakakaa. Ghati akasogea kuwapisha. Mwantumu akawapa buni za kutafuna, kisha akawamiminia kahawa, kwa kuwa ndivyo alivyompokea kila mteja.

Hamim hakuwa amekonda wala kuzeeka. Alikunywa nusu, akapindua benchi, akautazama ule mguu mfupi.

"Bado hujautengenezesha," alisema.

"Nilikuwa nakungoja wewe fundi."

Akatoa kipande cha mti mfukoni, akakikaza kwa jiwe. Benchi likatulia.

"Sasa twende nyumbani," alisema Mwantumu. "Ngazi hizo hapo."

Hamim alizitazama ngazi. Alizitazama vizuri, kama fundi, na akasema zimechongwa vyema isipokuwa ya nne. "Mzee hajagonga," alisema. "Nikipanda sasa nitakuwa mwizi. Na magogo yangu haya nikiyaachia, wenzangu watabaki na nani?"

Wakamaliza kahawa, wakashukuru, wakarudi ukutani. Kesho yake magharibi wakaja tena.

Mwantumu alimpenda Hamim kwa uaminifu wake, na jioni zile uaminifu huohuo ulimchoma rohoni kuliko kitu chochote. Laiti angeolewa na mwizi mdogo tu, aliwaza, sasa hivi angekuwa nyumbani anakoroma.

Akaenda kwa Mseti. Alimkuta zizini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kukuomba uniitie watu wako. Ugonge ringi tu."

Mseti hakukasirika. Alimwita mkewe alete kiti, akamketisha. "Mama, nikigonga leo, watu watauliza kwa nini sikugonga siku ile," alisema. "Mimi nilishasema walienda Geita. Mtendaji naye ameshasema. Unataka wazee wawili tuwe waongo?"

"Wanakunywa kahawa kwangu kila siku."

"Nimesikia. Nitakuja kuwasalimu."

Akaja kweli, tena na Evance. Walishuka ngazi wakishika kamba, wakaagiza kahawa na kashata. Ukuta ulipofunguka, Hamim na wenzake wakatoa shikamoo kwa pamoja, nao wakaitikia. Mseti akasogea kumpa Hamim nafasi, magoti yao yakagusana.

"Mura, kijana wangu, mnaendeleaje huko?" aliuliza.

"Salama, mzee. Tumekutana na jiwe zuri upande wa kushoto."

"Kushoto? Vizuri sana, mura. Fuateni hukohuko."

Evance alitafuna kashata yake huku akimtazama Hamim usoni. Mwantumu akamsogelea. "Bwana mtendaji, huyu ni nani?"

"Huyu ni mume wako," alisema Evance.

"Yuko wapi?"

Evance alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto shule na cheo ambacho hakutaka kukipoteza. "Kwa mujibu wa taarifa, yuko Geita," alisema, akaomba aongezewe tangawizi.

Ijumaa iliyofuata, mchana, Mwantumu alibeba mchi wa kinu chake akaenda kwenye duara lililoporomoka. Nyasi zilikuwa zimeota mdomoni, lakini ringi ilikuwa bado inaning'inia. Akaigonga. Aligonga mpaka mikono ikaingia ganzi, na wanawake ng'ambo wakaacha kuponda mawe wakasimama. Wawili walienda kuweka ugali jikoni kwa mazoea. Kisha akakimbia mgahawani, akashuka ngazi mbilimbili, akasimama mbele ya ukuta.

Ukuta ulifunguka magharibi, kama siku zote. Hamim alikuwa anatabasamu.

"Nimekusikia," alisema. "Wenzangu walitaka kufunga kazi, nikawaambia ngojeni. Mawili mazito, moja jepesi. Huo si mkono wa mzee. Huo ni mkono wa mke wangu, nimeusikia tangu Ngamiani."

"Hamim, ningekuwa nani ungepanda?"

"Wewe unajua," alisema, na akakaa mahali pake. Mwantumu akammiminia, kisha akaenda pembeni ya stovu akalia, bila kujificha, na wateja wakamwacha alie. Ghati aliangalia birika lisichemke likafurika.

Baada ya mvua za vuli Mseti alifungua duara jipya upande wa Nyansurura. Alituma mkokoteni wa ng'ombe uje kuchukua vyombo: kamba, ndoo, karai, na ringi. Mwantumu aliuona ukipita juu, aliyaona magurudumu na kwato kupitia uwazi wa chini ya bati, na ringi ikigongana na ndoo kwa sauti ndogo isiyofika mbali. Waliotoka huko walisimulia kwamba Nyansurura sasa ringi inalia kila jioni kwa wakati, Mseti anaigonga mwenyewe bila kukosa, na watu wanapanda wote.

Yasmini alituma tena salamu kutoka Mugumu. Mwantumu akamrudishia kahawa ya kutwanga na maneno kwamba akipenda aje yeye, ila avae viatu visivyoteleza. Akachonga ngazi nyingine. Ile ya nne aliirekebisha.

Wageni waliopita senta wakielekea kwenye dhahabu waliuambia kila mji kwamba kuna kahawa nzuri chini ya barabara, na wengine walisema wamekunywa Mwanza na Dar es Salaam wasiipate kama ile. Walikaa benchi moja na wale wanaume wenye vumbi, wakawauliza habari za jiwe la kushoto, wakapanda juu wakaenda zao.

Magharibi ilipoingia Hamim alipokea kikombe chake, akakipuliza, akainua kichwa akitega sikio kuelekea kwenye bati.

"Hajagonga?" aliuliza.

Mwantumu alitega sikio naye. Juu alisikia kuku wakigombea nafasi ya kulala.

"Bado," alisema, akachukua kinu akaanza kutwanga nyingine.