Maelezo ya Uweso, Miezi Saba

Hili nalokwambia hutaliamini, na sikulaumu. Ila wodi nzima ilisikia, na walio hai wanaulizika.

Jumanne moja ya mwaka tisini na tatu, mwaka ule tulioambiwa matibabu sasa ni kuchangia, Daktari Asmaa aliingia wodi ya watoto ya hospitali moja hapa Tanga. Mkononi ana kipimajoto, kalamu na daftari la mafunzo. Kipimajoto kilikuwa cha wodi nzima. Daftari lilibakiza saini moja tu, ya mwalimu wake Daktari Himyar. Akisaini, Asmaa anakuwa daktari bingwa wa watoto. Hospitali ilikuwa na bingwa mmoja tu, Himyar huyohuyo, na ikifika saa tano humpati. Yuko Usagara, hapahapa mjini, kwenye kliniki yake mwenyewe.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kuchukua maelezo ya mgonjwa wa kitanda cha nne, mwalimu akiangalia. Kitanda cha nne kilikuwa na watoto watatu, akapewa wa katikati.

Wa katikati ni Uweso, miezi saba, ametoka Ushongo. Mbavu zinaingia na kutoka kama mvukuto wa mhunzi. Mama yake, Mwatima, amekaa ukingoni.

"Habari za asubuhi, mama Uweso?"

"Njema, daktari."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

Ndivyo tulivyolelewa huku pwani. Nyumba inaungua, ukiulizwa habari unajibu njema, halafu ndiyo unaazima ndoo. Asmaa mtu wa Pemba, anajua kuna "ila" inakuja nyuma. Lakini Himyar alikuwa anatazama saa, kwa hiyo akaandika haraka: Mama anasema mtoto hajambo.

"Aka, dada, futa hilo," akasema Uweso. "Shikamoo kwanza."

"Marahaba."

"Sijambo wapi? Siku ya nne leo, pumzi naivuta kama maji ya kisima. Niwekeeni ile mashine ya oksijeni."

Mwatima akamfinya paja. "Usidakie wakubwa wakiongea."

Sista Mboni, aliyekuwa anakunja nepi dirishani, akasema mtoto wa dada yake kule Muheza alianza kusema mapema zaidi, na miezi sita, ila yule alikuwa anatukana tu.

Asmaa akamweleza Uweso kwa upole kwamba mashine ya wodi, ile waliyoleta wafadhili, iko kwa fundi tangu Machi.

"Fundi yupi? Iko Usagara kwa huyu bwana. Mama alinipeleka kule Jumamosi, tukashindwa malipo. Nimeiona. Wameivalisha kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, na ubavuni bado imeandikwa Wodi ya Watoto."

"Kweli," wakasema wale wawili wa pembeni. Mmoja alikuwa hajaota hata jino, maneno yakawa yanateleza, lakini alieleweka.

Himyar hakukasirika. Alifuta miwani kwa koti. "Mtoto ana akili, mashallah. Ila mtihani unataka maelezo ya mzazi." Akamsogeza Asmaa pembeni, ingawa wodi ile haikuwa na pembeni.

"Liache la mama kama lilivyo. Nasaini, na mtoto namchukua na gari langu sasa hivi, anawekewa mashine mpaka apone, bure. Ukiandika la mtoto, hilo daftari linasomwa Dar es Salaam. Sisaini, unarudia mwaka, na gari linaondoka tupu."

"Na hawa wengine, daktari?"

"Gari langu dogo, binti yangu."

Asmaa akasimama na kalamu. Pale kitandani midomo ya Uweso ilianza kuwa na rangi ya zambarau.

"Liache la mama," akasema Uweso. "Mwaka mzima! Mimi hata mmoja sijaumaliza."

Asmaa hakufuta. Himyar akasaini, akamnyanyua Uweso, wakaondoka wakizungumza.

Baada ya siku tano Uweso alirudi mashavu yamejaa, akashukuru wodi nzima, mtu mmoja mmoja kwa jina. Uongozi ukachapisha fomu mpya zenye mstari wa "Maelezo ya mtoto mwenyewe, kama anasema". Wiki ya pili fomu zikaisha na karatasi hakuna. Mashine ilibaki Usagara. Walibadilisha kitambaa tu, cha kwanza kilishachafuka.

Siku ya kwanza ya Asmaa akiwa bingwa, kitanda cha nne kililaza wanne. Khuloud, wiki sita, alimwamkia vizuri, akavuta pumzi mara tatu ndipo akapata ya kusemea.

"Dokta, sisi mama zetu waseme nini ili gari lije?"

Haya, wewe unayesoma. Kalamu unayo wewe, mtoto yuko mbele yako anahema, na mwenye gari ameshashika funguo. Ungeandika nini?