Mzee Nyamweya na Heshima Yake

Mwaka 1973 haujafika katikati, baba mkwe wangu, mzee Nyamweya, alikuwa amesahau majina ya wanawe wote watano. Mimi, mke wa mwanawe Abner, hakunisahau. Afadhali angenisahau.

Daktari mmoja mjini Kisii alituambia kwamba si uchawi wala laana. Wenzake waliopasua bongo za wazee waliokufa kwa ugonjwa huo wa kusahau waliona kwa hadubini protini zilizobadilika, zimeganda madonge madonge mahali ambapo kumbukumbu zingepita. Dawa hakuna. Abner alimshukuru, akarudi kwa ndugu zake kwenye kazi ya majani chai Kericho, akaniachia baba yake hapa Nyaramba. Wanaume bwana.

Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima inayomtenga mkwe na mkaza mwana. Mwanamke haingii anapolala mkwewe, hamgusi, hamwoni uchi. Mpwa wa mzee, Ombui, ndiye aliyekuwa akimwogesha kila Ijumaa kabla ya Sabato. Ombui alipopata kazi dukani kwa Haresh, Kisii, mzee akabaki bila mtu. Baada ya wiki tatu mgongo wake ulikuwa na vidonda vinavyonuka, na nilijua vitamuua kabla ya maradhi ya kichwa.

Nikasema chinsoni ingoje nje, nikaingia na maji ya moto. Mzee ambaye hakujua kama ni asubuhi au jioni aligeukia ukuta, akajifunika koti gubigubi.

"Mkaza mwana," alisema kwa upole, "usiniaibishe."

Nikatoka na maji yangu. Kila siku nilirudi, kila siku akajifunika. Nilimkasirikia, kisha nikaenda kulia kwenye migomba, maana hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniheshimu namna ile.

Jumanne moja niliingia, hakugeuka. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe, akanyoosha mikono nimvue. Nilimwosha polepole, nikampaka dawa. Alitulia, akayafurahia yale maji.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza.

"Wa hapa nyumbani, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Sasa vidonda vingepona. Niliendelea kumsugua mgongo huku machozi yakinitoka, kwa kuwa siku zote hizo nilikuwa nimeomba anisahau, na alikuwa amenisahau.